Chupa Zilizotazama Chini

Vyungu vitatu vya maua vilikuwa vimehama, na Inspekta aliliona jambo hilo kabla hata hajakaribishwa. Vilikaa juu ya mfuniko wa zege katikati ya ua, lakini kila kimoja kilikuwa kimeacha duara lake la uchafu pembeni, upana wa kiganja, kama mgonjwa aliyesogezwa kitandani na umbo lake likabaki kwenye godoro. Akavitazama, akavipita. Ndivyo alivyokuwa mama huyu. Kitu akikiona hakukiuliza papo hapo, maana ukikiuliza mapema, wenye nyumba hukimbilia kukijibia.

"Karibu, afande," alisema Mzee mwenye shamba. "Mwizi tunaye. Tunataka umchukue tu, na jioni chumba chake kiwe kitupu."

"Kama mwizi mnaye, mimi mmeniitia nini?"

"Hataki kusema chupa kaziweka wapi."

"Basi bado hamna mwizi. Mna mtu aliyenyamaza."

Mzee alitafuna midomo, akatoa ufunguo mfukoni, akaongoza njia. Nyuma yao alifuata mwanawe wa kiume, ambaye kila mtu pale shambani alimwita Meneja, hata mama yake mzazi enzi za uhai wake.

"Angalia kichwa, afande. Ngazi hizi zilijengwa na watu wafupi."

Ghala lilikuwa chini ya ardhi, baridi kama ndani ya mtungi. Mbao zilisimamishwa mbilimbili, zikaegemeana kama paa la nyumba, na kila ubao ulitobolewa matundu. Kila tundu lilikuwa na chupa iliyochomekwa shingo, kitako kikabaki nje kinakutazama. Ubao wa kwanza, wa pili na wa tatu zilijaa. Wa nne ulikuwa matundu matupu, pande zote mbili.

"Mia na ishirini," Mzee alisema. "Zote za Mawe."

Inspekta alitaka aelezwe kama anavyoelezwa mtoto, na Meneja akamweleza. Familia hii ilikuwa na mashamba matatu ya mizabibu, la mchanga, la tope jekundu na la mawe. Walitengeneza mvinyo wa mapovu, na tangu dada yake ashike usukani miaka sita iliyopita, kila shamba lilikuwa na tangi lake na chupa zake, bila kuchanganya hata tone. Dada alitaka mtu akinywa asikie mdomoni udongo zabibu zilikoota. Mwenyewe, kabla ya kuvuna, huweka chembe ya udongo ulimini akaionja. Wafanyakazi wakampa jina la Dada Udongo, naye akalikubali.

"Mvinyo unachemka mara ya pili humu humu ndani ya chupa," Meneja aliendelea. "Ndiko yanakotoka mapovu. Hamira ikishamaliza kazi inabaki tope, sisi tunaita mashapo. Kwa hiyo chupa inageuzwa kidogo kila siku, mashapo yateremke shingoni, kisha tunayatoa."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mara nane ndiyo mzunguko mmoja," Mzee alijibu yeye. "Mwulize Saa. Miaka thelathini na moja hajaruka siku."

"Saa ni nani?"

"Mgeuzaji wetu. Akishuka ghalani asubuhi, unaweza kurekebisha saa ya ukutani."

"Ndiye huyo mwizi?"

Mzee aliutazama ubao mtupu. "Ufunguo ni mmoja, na anautundika kiunoni mwake. Jumatano asubuhi amekuja mwenyewe kuniambia chupa hazipo. Mlango haukuvunjwa. Wewe ungesemaje? Kesho wanunuzi wanakuja, na wanakuja kwa Mawe tu. Nitawamiminia nini, maji ya bomba?"

"Pengine walipitia hapa," Meneja alisema, akamulika kidirisha cha hewa juu ukutani. Wavu wake ulikuwa umechanika.

Inspekta alipanda juu ya kreti, akaingiza mkono. Ukakwama begani.

"Pengine ni paka," alisema akishuka. "Paka mia na ishirini, kila mmoja na chupa yake."

Meneja alicheka, kisha akaona kwamba amecheka peke yake.

"Wewe ungependa Mawe yafanywe nini?" Inspekta alimwuliza.

"Mimi? Ningechanganya yote matatu, kama alivyofanya babu. Mteja anataka mapovu, hataki somo la udongo." Alimtupia baba yake jicho. "Lakini sijaiba nyumbani kwetu."

"Sijakuuliza hilo."

Mama huyu aliinama kwenye ubao wa kwanza, akawasha tochi yake. Kwenye kitako cha kila chupa palikuwa na mstari mfupi wa rangi nyeupe, mfano wa mshale wa saa. Mistari yote ilitazama chini. Akaenda ubao wa pili, ikatazama chini. Wa tatu, vivyo hivyo. Hakuna hata mmoja uliopinda.

"Tangu Jumatano nani ameshuka humu?"

"Hakuna. Nilimnyang'anya Saa ufunguo kabla hajagusa chupa hata moja, nikautia kwenye droo ya chumba cha kulia. Nikasema asishuke mtu mpaka polisi waje."

"Na Jumanne mchana mlikuwa wapi?"

"Mjini, mimi na huyu. Tulikwenda kuonana na hao wanunuzi."

Viatu vizito vilisikika ngazini, na Dada Udongo akashuka, mrefu, mikono ina mikwaruzo ya matawi. Hakuutazama ubao mtupu. Jambo hilo Inspekta aliliweka karibu na vyungu vya maua.

"Wewe dada, umewahi kugeuza chupa hizi?"

"Ghala ni la Saa. Mimi kazi yangu iko shambani na kwenye matangi. Kugeuza sijui hata pa kuanzia."

Swali lilikuwa dogo, na jibu lilikuja limepigwa pasi. Inspekta aliandika neno moja kwenye daftari lake, akaaga.

Chumba cha Saa kilikuwa karibu na geti, kitanda kimoja, kiti kimoja, na viatu vimepangwa kama vinangoja kuingia kazini. Saa mwenyewe alikuwa ameketi kitandani na furushi lililokwisha kufungwa. Shavu lake la kulia lilivimba kama ameficha embe.

"Pole na jino, baba."

"Lilishatoka, afande. Uvimbe ndio haujapata habari."

"Lilitoka lini?"

"Jumanne mchana. Zahanati pale."

"Na ufunguo wa ghala?"

Saa alirekebisha fundo la furushi ambalo halikuwa limelegea. "Nilikwenda nao. Kiunoni."

"Wakakulaza kwenye kiti, wakakuchoma sindano, na ufunguo uko kiunoni."

"Hauumi."

Inspekta alivuta kiti, akafungua chupa yake ya chai, akammiminia Saa kwanza. Wakanywa. Halafu akachukua kifuniko cha chupa ya chai, akachora mstari juu yake kwa kalamu, akakishika wima mbele ya uso wa Saa.

"Hiki ni kitako cha chupa. Jumanne asubuhi ulipomaliza, mistari ilitazama wapi?"

Hapo macho ya Saa yalipata uhai. Alikishika kile kifuniko kwa ncha za vidole, akauelekeza mstari kushoto. "Mlangoni. Ukisimama mbele ya ubao, mlango uko kushoto kwako. Zote nimeziacha zinatazama mlango."

"Wewe unageuzia upande gani?"

"Kulia. Sikuzote kulia." Akageuza kifuniko kidogo. "Hii ingekuwa Jumatano." Akageuza tena. "Hii Alhamisi. Jana zingekuwa zinatazama juu, darini. Lakini hazikugeuzwa, masikini. Zitakuwa bado zinatazama mlango."

"Hazitazami mlango."

Mkono wa Saa ulisimama.

"Nimetoka kuziona sasa hivi," Inspekta alisema. "Mbao zote tatu zinatazama chini. Sawasawa kabisa, kama zimepigwa rula."

Saa aliutazama ule mstari. Taratibu, kwa kidole gumba, akaurudisha mlangoni. Kisha akaugeuza kushoto mara moja, halafu mara ya pili, nao ukatazama chini. Mwisho akaweka kifuniko kwenye goti la Inspekta kama mtu anayerudisha kitu cha mwenyewe.

"Basi andika ni mimi, afande."

"Niandike nini?"

"Chupa nimeiba mimi. Nimeziuza njiani, sijui kwa nani. Tusipoteze muda wako."

"Na hizi za kugeuzwa kushoto, tangu Jumatano, wakati ufunguo uko kwenye droo ya tajiri yako?"

"Mimi pia."

"Ulipitia kidirishani, pamoja na paka."

"Andika tu, mama," Saa alisema kwa upole. "Mimi nina miaka sabini na mbili. Nikikosa chumba hiki nitakosa kingine."

Inspekta alifunga daftari. Aliwahi kusikia watu wengi wakikana walichofanya. Aliyekuwa akililia kosa lisilo lake alikuwa mmoja mmoja, na kila mara kulikuwa na mtu nyuma yake.

Aliwakusanya wote watatu ghalani, Mzee, Meneja na Dada Udongo, mbele ya ubao wa kwanza.

"Leo Ijumaa chupa hazijageuzwa," alisema. "Mimi nimemaliza kuzitazama, na sipendi kuwaharibia mali. Nani atazigeuza?"

Meneja alikunja mikono ya shati. Alishika chupa moja kwa mikono miwili kama anafunga bomba, ikazunguka nusu nzima. Baba yake alifumba macho.

"Toka hapo. Umezaliwa juu ya ghala hili na hujui lolote."

Mzee aliingia yeye. Alishika vitako viwili, akatikisa kidogo, akageuza kulia. Akafanya sita, bega likamkataa, akasimama akihema.

"Na wewe dada?"

"Nimeshasema sijui."

"Haya, nitajaribu mwenyewe," Inspekta alisema. "Si kazi ya kwenda chuo."

Akavua koti, akaanza. Wallahi, kama kuna mtu aliwahi kuitesa chupa, ni mama huyu siku hiyo. Alizivuta nje ya matundu, akazitikisa kama dawa ya kikohozi, akazirudisha kwa kishindo. Mashapo yaliyoteremka kwa wiki nzima yakapanda ndani ya kioo kama vumbi la barabarani. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Meneja aliguna. Mzee alitazama ukuta. Ya nne. Ya tano.

"Acha, afande."

"Nakaribia kuzoea."

"Acha, unazitia ukungu. Tafadhali. Sogea."

Dada Udongo alikuwa tayari amemsogeza kwa bega. Mikono yake ilishika chupa mbili mbili, tik tik, tik tik, ikapita mstari wa juu, ikateremka wa pili, haraka kuliko jicho, na mistari myeupe ikafuata nyuma yake kama askari wa gwaride. Alifika chupa ya thelathini kabla hajagundua kwamba ghala zima limenyamaza.

Mikono ikasimama.

"Kushoto," Inspekta alisema. "Saa anageuza kulia. Baba yako kulia. Kaka yako popote. Wewe kushoto."

Dada Udongo alibaki ameshika chupa mbili, kana kwamba akiziachia zitaanguka.

"Nilikuwa na miaka saba," alisema mwisho, hakumtazama mtu. "Saa alinisimamisha juu ya kreti, upande wa pili wa ubao, tunatazamana. Nikawa namwiga. Mkono wake ukienda huku, wangu unaufuata huku huku, na kwangu mimi huko ni kushoto. Alipokuja kuona, mkono ulikuwa umeshazoea. Akasema haidhuru, mashapo hayajui kulia wala kushoto."

"Lakini umeniambia hujui pa kuanzia."

"Baba alikataza watu kushuka. Mimi nimezigeuza tu, jana na juzi, Baba akiwa shambani. Siku mbili bila kugeuzwa, mashapo yangeanza kushika kioo. Hilo si wizi."

"Si wizi," Inspekta alikubali. "Na Jumanne, Saa alipokwenda kung'oa jino, ufunguo alimwachia nani?"

Mzee aligeuka polepole, akamtazama binti yake.

"Mtu anayeshuka kwa kujificha ili tu chupa zigeuzwe," Inspekta aliendelea, "hawezi kuweka chupa mia na ishirini juani, wala chini ya kitanda. Ataziweka penye giza na baridi kama hapa. Hapo uani, chini ya vyungu, kuna nini?"

"Tangi la zamani la maji ya mvua," Meneja alisema. "Limekauka miaka kumi..."

Vyungu viliondolewa, mfuniko ukasukumwa. Inspekta alimulika. Chini kabisa, juu ya majani makavu, chupa zililala safu kwa safu, kila moja na mstari wake mweupe juu, zimefunikwa magunia yaliyoloweshwa maji. Meneja alishuka kwa ngazi, akarudi na moja.

"Kwa nini?" Mzee aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kama ulizitaka, si ni zako?"

"Ifungue, Baba."

Mzee alichukua kifungua chupa kutoka kwa mwanawe, akaelekeza shingo pembeni kama walivyozoea wote, kwa sababu chupa za nyumba hiyo hufunguka kwa mlipuko. Kizibo cha bati kiling'oka. Kikaanguka kwenye zege. Ndiyo sauti pekee iliyosikika.

Meneja alileta glasi. Mvinyo ukamiminika umetulia, una rangi nzuri ya majani makavu, na mapovu mawili matatu yakapanda kivivu, yakakata tamaa.

"Nilifungua moja Jumanne, Saa alipoondoka tu," Dada Udongo alisema. "Nikafungua ya pili na ya tatu. Zote hivi. Siku ya kutia kwenye chupa, miaka mitatu iliyopita, sukari ya kulisha hamira niliipima mimi. Niliogopa mapovu yakiwa makali yatauzima udongo. Nikapunguza. Nikaionja, nikapunguza tena. Kwa Mawe tu, kwa sababu Mawe nilitaka yasikike kuliko yote. Hamira haikupata chakula." Alipangusa mikono kwenye suruali. "Wanunuzi wanakuja kesho. Nilifikiri chupa zikiibwa tutaonewa huruma. Zikifunguliwa tutachekwa, na mashamba yote yatarudi kwenye tangi moja. Nikachana wavu wa dirisha, nikajua mtasema ni watu wa nje. Sikufikiri mtamshika yeye."

"Tulipomshika, ulisema nini?" Inspekta aliuliza.

Dada Udongo aligeukia shimo la tangi.

"Siku tatu," Inspekta alisema. "Amefunga furushi. Na mimi amenipa ungamo zima ili wewe usitajwe. Nalo nimekataa kuliandika, maana halina hata chupa moja ndani yake."

Uso wa Dada Udongo ulibomoka hapo, si kabla.

Mzee alikuwa bado ameshika glasi. Akainusa, akanywa funda, akaliweka mdomoni muda mrefu akitazama chini. Akameza.

"Mawe yapo," alisema. Akamwaga kilichobaki juu ya zege, si kwa hasira. Halafu akatoa ufunguo mfukoni, akautazama kana kwamba umekuwa mzito. "Nitaupeleka mwenyewe. Wewe binti utakuja nyuma yangu, na wanunuzi kesho utawaambia wewe, kwa mdomo wako."

Inspekta alibaki mbali, karibu na geti, akijifanya anatafuta kitu mkobani. Alimwona Mzee akisimama mlangoni pa kile chumba bila kuvuka kizingiti. Alizungumza kidogo. Saa aliitikia kidogo zaidi. Ufunguo ulikaa hewani kati ya mikono miwili, na mkono wa Saa haukuuendea.

"Leo zimegeuzwa?" ndilo alilouliza.

"Zimeguswa na kila mtu," Mzee alisema. "Zingine juu, zingine chini. Tano zimetikiswa na polisi."

"Zimetikiswa."

"Kama dawa."

Saa alimtazama Inspekta kule getini kwa macho ya mtu aliyeibiwa kweli kweli. Kisha akauchukua ufunguo, akauchomeka kiunoni, akatoka. Furushi hakulifungua, wala hakuligusa. Alipompita Dada Udongo hakusimama, na yule binti akabaki ameduwaa mlangoni, hajui kama anafukuzwa au anaitwa.

Inspekta aliwafuata ghalani, maana daftari lake lilikuwa bado na mstari mmoja mtupu. Kutoka ngazini aliona Saa akipita mbele ya ubao wa kwanza, akirekebisha chupa moja moja, shavu lake limevimba kama mpira. Dada Udongo alikuwa amezunguka nyuma ya ubao, pale pale alipokuwa akisimamishwa juu ya kreti, akingoja.

"Unafanya nini huko?" Saa aliuliza.

"Nakusaidia."

"Miaka ishirini na tano nimekuacha huko. Ni kosa langu." Hakuinua macho. "Njoo usimame huku kwangu. Mkono wa kulia."

Inspekta alirudisha kalamu mkobani. Juu, kwenye mwanga wa uani, bado aliwasikia. Tik tik ya mmoja ilikuwa haina haraka. Ya pili ilijikwaa, ikasimama, ikaanza tena.